Maswali yenu: Nimetukanwa kampasini kwa sababu ya kwetu, nifanyeje?

Salaam wasomaji. Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanafunzi wa vyuo vya hapa Mombasa, na karibu zote ni jambo moja: matusi ya kabila, ya dini, na kunyanyasana. Nimechagua chache. Majina nimeyatoa na vyuo sijavitaja, manake baadhi yenu kesi zenu bado ziko mezani na sitaki mtu aumie kwa ajili ya ukurasa huu.

Shikamoo mama. Niko mwaka wa pili, natoka Kwale, sisi ni Wapemba, babangu mvuvi. Wakati wa kampeni za uchaguzi wa wanafunzi nliandika kwenye grupu la WhatsApp la darasa kwamba mgombea fulani hajajibu swali la pesa za klabu, basi hivo tu. Jamaa mmoja akanijibu "rudi kwanza Pemba kwenu ndo uje uulize". Wengine wakatuma stika za kucheka, kisha mwengine akatuma voisi anasema tumejazana hapa na vitambulisho vya kuhonga na dawa yetu ni kutolewa, na nyuma unasikia watu wanacheka, na kicheko kimoja nakijua ni cha rafiki yangu tunayevuka nae feri kila asubuhi. Adimini akaandika "tuache siasa, grupu ni ya masomo", yakaishia hapo. Tangu siku ile sijaenda darasani. Nitoke kwenye grupu? Ama nijibu? Mamangu aniambia ninyamaze nimalize digrii yangu.

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma na ile sehemu ya kicheko imenikaa, manake mtu usiyemjua akikutusi unaumia lakini rafiki akicheka pembeni unajiuliza hata kesho utakaa na nani darasani.

Usitoke kwenye grupu leo. Sisemi uvumilie, hata kidogo. Nasema hivo kwa sababu mtu akitoka na hasira zake huwa anafuta na mazungumzo yote, na hicho ndicho kitu utakachokihitaji. Adimini anaweza kufuta meseji ya mtu yeyote kwenye grupu na ikapotea kwa kila mmoja, na kama grupu lenu limewekwa zile meseji za kujifuta zenyewe basi zinaondoka baada ya saa 24, ama siku 7, ama siku 90 kulingana na walivyoweka. Kwa hivyo usiku huu huu kaa chini uifanye hii kazi: piga skrinishoti za mazungumzo yote, kuanzia ile meseji yako ya pesa za klabu ili asije mtu akasema wewe ndiye uliyeanza matusi, mpaka pale adimini alipofunga mjadala. Hakikisha namba ya simu ya mtumaji inaonekana, sio jina ulilomsevu nalo, na tarehe na saa pia. Ile voisi ihifadhi, ijitumie mwenyewe na pia kwa mtu mmoja unayemuamini. Na simu yenyewe usiiuze wala usiipeleke kwa fundi akaifuta, manake mambo yakifika kortini sheria yetu ya ushahidi, kifungu 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uje na cheti kinachoeleza umetolewa kwenye kifaa gani na vipi, sasa ukiwa na picha tupu na simu haipo utaulizwa maswali mengi.

Sasa kuhusu waliyoyasema. Wapemba wamekaa pwani hii vizazi na vizazi, wamevua, wameoa na kuolewa hapa, na serikali ikawatambua rasmi kuwa raia wa Kenya mwaka 2023. Wamakonde walitangulia 2016, baada ya kuandamana kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai haki yao. Hicho kitambulisho chako hakuna aliyekuhurumia nacho. Lakini sitaki uingie kwenye grupu kuanza kuthibitisha uraia wako kwa wanafunzi wenzako, huo ni mtego, manake ukishaanza kujitetea wewe ni nani lile swali la pesa limeshasahaulika na wao wamepata walichokitaka. Na hata angekuwa ni mwanafunzi aliyekuja juzi kutoka Tanzania na pasi yake ya kusafiria, bado hawana ruhusa ya kumfanyia hivo, kwa sababu sheria ya uwiano na utangamano ya 2008 inapozungumzia chuki inahesabu rangi, kabila, asili ya mtu na pia uraia.

Je, ni uhalifu? Nikujibu kwa kadiri nionavyo. Stika za kucheka ni utovu wa adabu. "Rudi kwenu" ni tusi la ubaguzi. Lakini ile voisi inayosema nyinyi wote dawa yenu ni kutolewa, imetumwa kwa darasa zima, hio imeshatoka kwako wewe imekwenda kwa jamii nzima, na hapo tunakaribia kifungu cha 13 cha sheria ile, ambacho adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni moja ama kifungo kisichozidi miaka 3 ama vyote viwili. Kuamua ni kazi ya wachunguzi na mahakama. Ila chuo hakina haja ya kungoja mpaka iwe jinai. Kila chuo kina kanuni za mwenendo wa wanafunzi, mlipewa siku ile mlipojiunga na mkatia sahihi, na humo kunyanyasa mwenzako ni kosa la nidhamu hata kama polisi hawajaguswa.

Kwa hivyo andika barua kwa ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Ukurasa mmoja watosha. Nani alisema nini, tarehe gani, saa ngapi, nani waliona, na imekuathiri vipi, na hapa usione haya, andika kwamba hujaingia darasani tangu siku ile na umekosa vipindi gani. Kisha useme unataka nini. Watu wengi wanalisahau hili, wanamwaga uchungu kurasa tatu halafu hawaombi chochote, na ofisi inabaki kusema "pole sana". Wewe omba uchunguzi, omba aliyehusika akatazwe kukutafuta mpaka kesi iishe, omba usaidiwe vipindi ulivyokosa, na omba jibu la maandishi kabla ya tarehe fulani. Chapisha nakala mbili. Pale mapokezi yule karani akichukua ya kwao mwambie akupigie muhuri wa kupokea kwenye ya kwako, wenye tarehe, na aweke sahihi juu yake. Akikataa tuma kwa baruapepe papo hapo ukiwa umesimama mbele yake. Karatasi yenye muhuri inabadilisha mambo sana, manake baada ya wiki mbili hakuna atakayekuambia "hatujawahi kusikia jambo hili".

Mamako usimkasirikie. Ameishi miaka mingi akimuogopa kila askari anayeuliza kitambulisho, na kunyamaza ndiko kulikowafikisha hapa salama. Mwonyeshe barua kabla ya kuipeleka, msomee.

Na rafiki yako wa feri, mtafute ana kwa ana, sio kwenye simu. Mwambie umesikia sauti yake. Usimuulize kama anakupenda ama la, muulize tu kama yuko tayari kuandika nusu ukurasa wa alichokisikia na nani walikuwepo chumbani. Akikubali umepata shahidi na pengine umempata na rafiki. Akikataa umeshamjua.

Mimi ndo adimini wa grupu kama hizo (sio hio). Watu wakianza matusi kazi yangu hasa ni nini? Nikiwatoa naambiwa nina upande, nikinyamaza naambiwa nakubaliana nao.

Hifadhi kwanza, ndo ufute. Ukifuta kabla ya kuhifadhi umemsaidia aliyetukana. Kisha andika hapo hapo mbele ya wote kwamba maneno ya fulani ni ya ubaguzi na hayakubaliki kwenye grupu, mtaje aliyesema, usiseme "tuache siasa" wala "pande zote zitulie" wakati upande mmoja ndo uliotukanwa. Hilo la pande zote huwa linaonekana ni la busara lakini aliyetukanwa analisoma vingine kabisa, anaona amewekwa kapu moja na aliyemtukana. Halafu mwandikie aliyetukanwa pembeni, mwambie ushahidi unao na uko tayari kuutoa. Kuhusu kuambiwa una upande, ndio, uwe nao. Kwenye jambo hili adimini asiye na upande ameshauchukua wa yule mwenye nguvu.

Na nyinyi wengine mnaosoma grupu kimya kimya, watu mia na zaidi wote mmeona na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Mtu mmoja tu akitokea akasema "hapana, hii sio sawa", wa pili hupata nguvu, na wa tatu. Nimeshaona grupu zikigeuka hivo, na nyingi sio kwa sababu ya adimini, ni kwa sababu ya komredi mmoja wa kawaida ambaye wala hakuwa kiongozi wa chochote.

Habari. Mimi ni mtu wa bara, nimepanga hosteli ya nje upande wa Tudor na wenzangu wawili wa kwetu. Jumapili tumerudi kanisani tukakuta mlango umeandikwa kwa maka pen nyeusi, herufi kubwa, WABARA MHAME KABLA YA KURA. Keateka amekuja na rangi akapaka, akasema ni watoto wanacheza. Chini ya rangi bado maandishi yanasomeka. Tunaambiwa tusikuze mambo. Tunakuza?

Hamkuzi. Na naomba leo leo, sio kesho, muende kituo cha polisi.

Kuna tofauti kati ya mtu kukutania "nyinyi wabara hamjui kula samaki" mkacheka wote mkaendelea na chai, na mtu kuja mlangoni mwako wakati haupo akakuandikia uhame na akakuwekea na muda. Hicho ni kitisho. Mtu amejua mnapolala, amejua saa mnatoka kwenda kanisani, na amekuja na kalamu yake.

Sisi wakubwa wa mji huu hatuwezi kuliona andiko kama hilo tukasema ni watoto. Agosti 1997 Likoni tuliyaona. Kabla watu hawajavamia kituo cha polisi cha Likoni usiku wa tarehe 13, maneno ya kwamba watu wa bara waondoke yalikuwa yameshazunguka, yakasambazwa na kwenye vipeperushi, na wengi wakayapuuza. Watu zaidi ya 100 waliuawa na takriban laki moja wakayahama makazi yao, majirani waliokuwa wakiazimana chumvi. Simaanishi mlango wenu ndio mwanzo wa balaa kama lile, pengine ni mlevi mmoja tu mwenye roho mbaya. Lakini hakuna anayejua mpaka ichunguzwe, na uchaguzi ukikaribia maneno haya huwa yanaokotwa na watu ambao sio walevi hata kidogo.

Pigeni picha ule mlango sasa hivi hata na hio rangi juu yake, mchukue wa karibu na wa mbali mpaka namba ya chumba ionekane. Kama kuna aliyepiga picha kabla ya kupakwa rangi mtafuteni. Kituoni hakikisheni mmeandikishwa kwenye kitabu cha matukio na mmepewa namba ya OB, msirudi na ahadi ya mdomo. Tajeni kwamba ni kitisho kwa misingi ya kabila. Ripoti kama hii pia inapokewa na Tume ya Uwiano na Utangamano, ile iliyoanzishwa baada ya machafuko ya 2007 na 2008, na mkishakuwa na namba ya OB malalamiko yenu kwao yanakuwa na uzito. Chuo mkijulishe vilevile, hata kama hosteli ni ya nje, kwa sababu nyinyi ni wanafunzi wao popote mnapolala.

Keateka mwambieni taratibu kwamba akiona kitu kama hicho tena asipake rangi kabla ya picha. Najua anaogopa kupoteza wapangaji. Mwenye nyumba nae ajulishwe kwa meseji ili iwe imeandikwa, aweke taa pale kwenye ngazi. Na semeni na majirani wa hapo, wazee wa mtaa, hata imamu wa msikiti ulio karibu. Watu wa Tudor wengi hawajui kama limetokea, na wakijua hawatalipenda, na mtu aliyefanya hivo atakosa raha akijua mtaa mzima unaulizia.

Dada, mimi kusema kweli ndo nliyefanya makosa. Tuna mwenzetu darasani, msichana wa Kisomali, siku ya mazoezi ya usalama nikampiga picha amebeba begi nikaandika "msikae karibu nae" nikaweka stetasi. Ilikuwa mzaha. Ikasambaa, sasa nimeitwa kamati ya nidhamu Jumanne. Rafiki zangu wananiambia niseme simu yangu iliibiwa siku hio. Wengine wanasema nimtafute nimuombe msamaha afute kesi. Wewe waonaje?

Naona umeandika "mzaha" lakini umeandika pia "makosa", na nakuomba ushike hilo la pili.

Nikwambie kwa nini haikuwa mzaha. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa pale Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa umri wako. Hakuna mwanafunzi Kenya hii ambaye hajui chuo kimewahi kuingiliwa na bunduki. Sasa wewe siku ya mazoezi ya usalama, siku ambayo kila mtu anakumbuka hayo, ukamchukua msichana mmoja na begi lake la vitabu ukawaambia watu wamuogope. Huyo msichana akipanda matatu kwenda kwao watu wanalitazama begi lake. Akiingia supamaketi anapekuliwa mara mbili. Na anayoyapata barabarani kwa watu wasiomjua, sasa ameyapata kwa mtu anayekopa noti zake.

Usiseme simu iliibiwa. Ni uongo, na ni uongo mwepesi kugundulika, namba ni yako na siku hio hio ulikuwa unajibu wenzako. Ukidanganya kamati sasa una makosa mawili na la pili ni la makusudi kabisa.

Lakini na wewe una haki zako na sitaki uende bila kuzijua. Ibara ya 47 ya Katiba na sheria ya 2015 ya hatua za kiutawala zinasema uelezwe mapema unatuhumiwa nini, uonyeshwe ushahidi watakaoutumia, upewe muda wa kujiandaa, usikilizwe, na upewe sababu za uamuzi kwa maandishi. Barua waliyokuandikia kama imesema tu "fika Jumanne" bila kutaja kosa, jibu leo uombe maelezo. Kuomba hivo sio ukaidi. Kamati inayofuata utaratibu inamlinda hata yule msichana, kwa sababu uamuzi uliofanywa ovyo hubatilishwa kortini na anabaki bila chochote.

Kuhusu msamaha, usimfuate hosteli kwake, usimngojee nje ya darasa, usimtume rafiki wala mjomba. Kumwandama mtu aliyekulalamikia ili afute malalamiko kunaweza kuwa ni unyanyasaji mpya, na ile sheria ya uwiano na utangamano ya 2008 inakataza kumuonea mtu kwa sababu alilalamika. Andika barua uipeleke kwa ofisi ya mkuu wa wanafunzi, wao wamuulize kama anataka kuipokea. Ndani yake andika ulichofanya kwa maneno yake kamili, usiandike "kama nilikukwaza". Usimuombe kitu, hata kukusamehe usimuombe, hilo ni lake. Na pale pale ulipoiweka ile picha, kwenye stetasi yako, weka maneno ya kusema ulichokisema ni uongo na ni ubaguzi, uwaombe walioisambaza waifute. Fanya hilo kabla ya Jumanne na ulifanye hata kama kamati haitakupunguzia adhabu.

Nikimkosoa kiongozi wa wanafunzi na akawa wa kabila fulani, ama nikibishana kuhusu dini darasani, ni chuki hio? Siku hizi kila kitu naambiwa "hate".

Hapana. Ibara ya 33 ya Katiba inakupa uhuru wa kusema, na kiongozi aulizwe pesa zimeenda wapi awe wa kabila lolote. Ibara hio hio inatoa nje uchochezi na maneno ya chuki. Ukishambulia kazi ya mtu, hoja ya mtu, uamuzi wa mtu, uko ndani ya haki yako hata akikasirika. Ukishambulia alikozaliwa ama ukasema "watu wa kwao wote", umetoka. Mjadala wa dini ni hivyo hivyo, bishana na mwenzako usiku kucha mkitaka, ila kumwita mwenzako kafiri ama gaidi kila anapopita ili umuumize, huo sio mjadala tena, na kwenye sheria ya adhabu kuna kifungu cha 138 kinachohusu maneno yanayosemwa kwa nia ya kuumiza hisia za dini za mtu. Na wale wanaopenda kuita kila wasilolipenda "chuki", wawe waangalifu nao, wanalimaliza nguvu hilo neno na kesho mwenye shida ya kweli hasikilizwi.

Shikamoo. Maksi zangu za somo moja hazionekani tangu muhula uliopita na nliukalia mtihani. Kila nikimfuata lekchara ananiambia nije ofisini kwake jioni peke yangu "tuzitafute pamoja". Amenitumia meseji za usiku, amenishika mkono mara moja. Nikakataa kwenda. Sasa naambiwa nitarudia mwaka. Nimemwambia mwakilishi wa darasa akaniambia kila msichana anapitia hayo.

Marahaba mamangu. Kwanza usiende hio jioni, umefanya vizuri kukataa. Na huyo mwakilishi wenu wa darasa amesema neno baya sana hata kama hakukusudia. Kama kila msichana anapitia basi ndio sababu ya kusimama, sio ya kuzoea.

Tenganisha mambo mawili haya, manake yeye ameyafunga pamoja makusudi. Maksi ni haki yako na zina njia yake ya ofisi. Andikia idara baruapepe fupi ya maksi tu, nakala kwa mwenyekiti wa idara na kwa ofisi ya mitihani: jina, namba ya usajili, somo, tarehe uliyokalia mtihani, na kama ulitia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio ya mtihani taja, manake hio ndio inayothibitisha ulikuwepo. Omba jibu la maandishi. Usimpigie tena simu yeye wala usimfuate kwake, kila kitu kipitie idara. Mara nyingi maksi zilizopotea miezi huonekana ghafla pale mwenyekiti anapouliza.

La pili ni unyanyasaji wa kijinsia, na sheria ya makosa ya kingono ya 2006 imelitaja, kifungu cha 23. Inamgusa mtu mwenye mamlaka anayemfuata mtu kwa mambo ya kimapenzi wakati anajua hatakiwi, na inagusa pia pale anapoharibu masomo ya mtu kwa sababu hio. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3 ama faini isiyopungua shilingi laki moja, ama vyote. Lakini sikiliza neno moja lililomo, inataka iwe ni jambo la kurudia rudia. Kwa hivyo hizo tarehe zako ni mali. Chukua daftari, andika kila mara moja moja tangu mwanzo: siku gani, saa ngapi, wapi, alisema nini kwa maneno yake, ulimjibu nini, nani ulimwambia siku hio. Siku aliyokushika mkono iandike leo kabla haijafifia. Meseji za usiku usizifute hata kama zinakutia kichefuchefu. Kama hujawahi kumwambia kwa maandishi kwamba hutaki, mwandikie mstari mmoja wa heshima, "naomba mawasiliano yetu yawe ya masomo tu na wakati wa kazi", uhifadhi.

Kisha ulizia chuo sera yao ya unyanyasaji wa kijinsia na nani anayepokea malalamiko. Usipeleke kwa mtu wa idara ile ile kama wewe unaona wanalindana. Nenda na mtu, dadako ama rafiki, akae tu pale asikie. FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi hapa Mombasa na wanasaidia wanawake kisheria, waone mapema kabla hujaandika malalamiko rasmi wakusomee. Kituo cha polisi omba dawati la jinsia. Usiku ukizidiwa piga 1195, namba ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia, ni bure na wanapokea saa zote. Na Mungu aepushe, ila lazima niseme kwa ajili ya wasichana wengine wanaosoma hapa: akikuingilia kwa nguvu usioge, usifue nguo, nenda Coast General ama hospitali iliyo karibu ndani ya saa 72 ili upate dawa za kuzuia maambukizi, na matibabu yatangulie, polisi watafuata.

Kama chuo chenu ni cha umma na wanakuzungusha bila jibu, Tume ya Haki ya Utawala inapokea malalamiko ya ofisi za umma zinazochelewesha watu, na hailipishi. Peleka nakala ya barua zako zote zilizopigwa muhuri.

Na watafute hao "kila msichana". Usiwalazimishe kusema, waulize tu mmoja mmoja kwa siri kama wako tayari kuandika yao. Barua ya mtu mmoja huwekwa kwenye droo, za watu wanne tano zinazomtaja mtu mmoja ni shida kwa chuo kuzificha. Idara ikikujibu, ama wiki mbili zikipita bila jibu, niandikie tena, nitakuunganisha na wakili anayezijua kesi hizi.